Mlango wa msimamizi: historia ya /administrator na walioingia bila ufunguo



Kuna swali ambalo wenye tovuti huniuliza kuliko jingine lolote: "Nifiche ule ukurasa wa kuingilia msimamizi, au niweke neno la siri refu zaidi?" Wanaouliza ni walimu wanaotunza tovuti za shule zao, makatibu wa vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, wenye hoteli ndogo kule pwani, na vijana wanaotengenezea watu tovuti kama mimi. Huwa nawajibu kwamba yote mawili yanafaa, lakini katika visa vikubwa vya miaka ishirini iliyopita, wezi wengi hawakubahatisha neno la siri hata kidogo. Ili jibu hilo lieleweke inabidi nisimulie historia. Jitilieni chai.

Hoja yangu ni moja, naitoa mapema. Mlango wa msimamizi ni kila njia inayoweza kumfanya mtu awe msimamizi. Ule ukurasa wenye visanduku viwili, cha jina na cha neno la siri, ni njia mojawapo tu. Mfano wangu mkuu utakuwa Joomla, mfumo wa kuendeshea tovuti ambao nimeufanyia kazi kwa miaka mingi, na ambao una sababu nyingine ya kutuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Tutafika huko.

Neno la siri lilianza kuvuja mapema

Tuanze mbali. Mwaka 1961 chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Fernando Corbató, aliyeongoza kazi hiyo, alihitaji namna ya kutenganisha faili za huyu na za yule, na hivyo kila mtumiaji akawa na neno lake la siri.

Haukupita muda. Mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, alitaka saa nyingi zaidi za kompyuta kuliko alizogawiwa. Akaagiza mashine imchapishie faili yenye maneno ya siri ya watu wote. Mashine ikachapisha! Katikati ya miaka hiyo ya 1960 likatokea jingine: kwa hitilafu ya programu faili mbili zilibadilishana nafasi, na kila aliyeingia kwenye mfumo akasalimiwa na orodha ya maneno ya siri badala ya tangazo la siku.

Angalieni visa hivyo viwili. Hakuna aliyebahatisha neno la siri la mwenzake. Mmoja aliiomba faili akapewa, wengine wakaletewa bila kuomba.

Wataalamu wakajifunza kwamba neno la siri lisihifadhiwe jinsi lilivyo. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walichapisha makala kuhusu jinsi Unix ilivyoyatunza. Kompyuta hulisaga neno la siri na kuhifadhi unga tu, unaoitwa heshi. Ukija kuingia, neno unaloandika husagwa pia, na unga hulinganishwa na unga. Mwizi akiiba unga hawezi kuurudisha kuwa punje. Juu ya hapo waliongeza chumvi, yaani herufi za bahati nasibu zinazochanganywa na neno kabla ya kusagwa, ili watu wawili wenye neno moja wasipate unga unaofanana.

Katika makala hiyo waliyapima maneno ya siri 3,289 yaliyotungwa na watumiaji wenyewe. Asilimia 86 yalikuwa mafupi mno, mepesi mno, au yalipatikana kwenye kamusi na orodha za majina. Maneno 15 yalikuwa na herufi moja tu! Ikumbukeni ile chumvi, tutairudia.

Bawabu aliyesimama nje

Wavuti ilipoanza kuenea miaka ya 1990, tovuti ilikuwa folda yenye faili. Ukitaka kulinda sehemu fulani, uliweka ndani ya folda hiyo faili dogo liitwalo .htaccess, desturi iliyoanza kwenye seva ya NCSA na kurithiwa na Apache tangu 1995. Mgeni akifika, kivinjari chake kilimfungulia kisanduku cha kuulizia jina na neno la siri.

Waraka wa HTTP 1.0 wa Mei 1996 ulieleza utaratibu huo, na ukasema wazi kwamba si njia salama. Jina na neno la siri vilitumwa vikiwa vimegeuzwa herufi tu. Ni kama kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu: asiyezijua atadhani ni fumbo, anayezijua atasoma moja kwa moja. Yeyote aliyekaa katikati ya njia angeweza kusoma.

Hata hivyo utaratibu huo ulikuwa na sifa moja kubwa. Bawabu alisimama nje. Seva ilimkataa mgeni kabla programu yoyote iliyomo kwenye folda ile haijaanza kufanya kazi.

Kati ya 2000 na 2003 mambo yakageuka. Zilikuja programu za kuendesha tovuti nzima kutoka kwenye kivinjari: PHP-Nuke, Drupal, Mambo, kisha WordPress mwezi Mei 2003. Mtu asiyejua kuandika msimbo akaweza kuchapisha habari na picha. Lakini sasa programu ileile inayomwonyesha kila mgeni ukurasa wa mbele ndiyo inayoamua nani ni msimamizi. Bawabu amehamia ndani ya nyumba, anakula na kulala pamoja na wageni. Kosa lolote la programu, hata kwenye kona isiyohusiana na kuingia, linaweza kuwa kosa la bawabu.

Jumla

Sasa tufike kwa Joomla. Mfumo wa Mambo ulikuwa mali ya kampuni ya Miro ya Australia. Agosti 2005 waliokuwa wakiuandika walitofautiana na kampuni hiyo juu ya uongozi wa mradi, wakajitoa kwa pamoja, na Septemba wakatoa toleo la kwanza kwa jina jipya. Joomla ni neno letu "jumla", limeandikwa ili Mwingereza aweze kulitamka. Waliolichagua walitaka ile maana ya wote kwa pamoja. Tangu siku hiyo watu wengi wasiojua hata kusema "habari" wamekuwa wakitamka Kiswahili kila wanapotaja tovuti zao.

Kila tovuti ya Joomla ilikuwa na mlango mmoja: unaandika anwani ya tovuti, unaongeza /administrator, unafika. Msimamizi wa kwanza aliitwa admin, na katika toleo la 1.5 lililotoka Januari 2008 namba yake kwenye hifadhidata ilikuwa 62. Ukijua tovuti moja, umezijua zote. WordPress nayo ilikuwa hivyohivyo: mlango wake ni /wp-admin, na jina la kwanza lilikuwa admin hadi toleo la 3.0 la Juni 2010 lilipomruhusu mwenye tovuti kuchagua jina lake wakati wa kusakinisha.

Watu wakaanza kuuficha mlango. Zikatengenezwa plagini zinazodai neno fulani mwishoni mwa anwani: ukifika /administrator bila neno hilo unarudishwa ukurasa wa mbele. Wakati huohuo Joomla ilikuja na faili la robots.txt, linalowaambia roboti wa injini za utafutaji wasipite wapi, na moja ya mistari yake ilitaja /administrator/. Faili hilo husomwa na yeyote. Ni sawa na kuficha mlango nyuma ya kabati, kisha kubandika karatasi ukutani: "Tafadhali msiangalie nyuma ya kabati."

Mholanzi Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kuhusu siri za kijeshi kwamba mfumo mzuri hauna budi kubaki salama hata adui akijua jinsi unavyofanya kazi. Kinachopaswa kuwa siri ni ufunguo. Kuficha mlango kunapunguza kelele za roboti wanaozunguka wakigonga kila nyumba, na hiyo ni faida ya kweli. Ila usiuhesabu kama kufuli.

Na kufuli zenyewe? Joomla 1.0 ilisaga maneno ya siri kwa mashine ya MD5 bila chumvi hadi toleo la 1.0.13 la mwaka 2007. WordPress ilifanya vivyo hivyo hadi toleo la 2.5 la Machi 2008. Somo la Morris na Thompson lilikuwa limechapishwa kwa karibu miaka thelathini! Aliyeiba hifadhidata ya tovuti ya zamani hizo aliweza kulinganisha unga na orodha zilizosagwa tayari, akapata punje.

Agosti mbili

Sasa kisa ninachokipenda kuwafundishia vijana. Agosti 2008 kiligunduliwa kasoro katika Joomla 1.5, kuanzia 1.5.0 hadi 1.5.5, kwenye ukurasa wa "nimesahau neno la siri".

Ukurasa huo ulifanya kazi hivi. Ukisahau, mfumo unatunga tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi za bahati nasibu, unaiandika kando ya jina lako kwenye hifadhidata, na kukutumia kwa barua pepe. Ukiileta tokeni hiyo, mfumo unatafuta mtumiaji aliyenayo, na kukuruhusu kuweka neno jipya. Shida ni kwamba tokeni iliyoletwa ilisafishwa kwanza kwa kuondolewa alama zisizotakiwa. Aliyeandika alama moja tu ya mtajo akajikuta ameleta tokeni tupu. Mfumo ukatafuta mtumiaji mwenye tokeni tupu. Ni nani hao? Ni wote ambao hawakuwa wamesahau chochote! Ukamchukua wa kwanza kwenye orodha, mwenye namba ndogo kuliko wote, ambaye kwa kawaida ndiye msimamizi mkuu. Kisha ukamuuliza mgeni kwa heshima: ungependa neno la siri jipya liwe lipi?

Neno la siri la msimamizi lingeweza kuwa na herufi hamsini. Lisingesaidia chochote. Tiba ilikuja katika toleo la 1.5.6 mwezi huohuo. Tangazo la Joomla lilisema pia kwamba kubadilisha jina la mtumiaji wa kwanza kungepunguza madhara, kwa kuwa mwizi angekuwa na neno jipya la siri bila kujua ni la jina gani. Hapo jina la admin lilikuwa nusu ya ufunguo ambayo watu walikuwa wanaigawa bure.

Agosti 2009, mwaka mmoja baadaye, WordPress 2.8.3 ikapata ugonjwa wa familia hiyohiyo. Aliyeuliza kwa namna isiyotarajiwa aliweza kuufanya mfumo ubadilishe neno la siri la akaunti ya kwanza bila ufunguo wowote. Ila hapa kulikuwa na tofauti muhimu: neno jipya lilitungwa na mfumo wenyewe na kutumwa kwa barua pepe ya mwenye tovuti. Mwizi aliweza kumsumbua mwenye nyumba kwa kumbadilishia kitasa, lakini funguo zilipelekwa kwa mwenye nyumba. Toleo la 2.8.4 likaziba. Kasoro za jinsi moja, matokeo mbalimbali kabisa, kwa sababu tu ya mahali ambapo neno jipya lilielekezwa.

Mwezi ambao walibahatisha kweli

Nisije nikawadanganya kwamba hakuna anayebahatisha. Aprili 2013 lilizuka shambulio kubwa dhidi ya tovuti za WordPress na Joomla duniani kote. Kompyuta zilizotekwa zilikuwa zikigonga milango na kujaribu jina la admin pamoja na orodha ya maneno mepesi ya siri. Kampuni za kuhifadhi tovuti ziliripoti kuona zaidi ya anwani za IP 90,000 zikishiriki.

Hapo ndipo watu wengi walipokimbilia plagini za kumfungia nje anayekosea mara tatu. Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress, alionya kwamba ulinzi wa aina hiyo usingefaa sana. Pigeni hesabu: mwenye anwani 90,000 anaweza kujaribu mara moja kila sekunde kwa saa 25 bila kutumia anwani moja mara mbili. Hakuna anayekosea mara tatu. Ushauri wake ulikuwa wa kawaida mno: acha kutumia jina la admin, weka neno la siri gumu, sasisha mfumo.

Ni katika mwaka huohuo, mwezi Novemba, ambapo Joomla 3.2 ilitoka ikiwa na uthibitisho wa hatua mbili ndani yake. Baada ya neno la siri unaandika tarakimu zinazobadilika kila baada ya sekunde 30 kwenye simu yako, kwa kufuata kanuni iliyochapishwa Mei 2011. Simu haihitaji bando wala mtandao kuzitoa, kwani simu na seva vinapiga hesabu moja kwa saa moja. Sasa aliyebahatisha neno la siri ana nusu ya safari tu.

Nilifurahi sana siku hiyo. Kumbe toleo lilelile lilikuwa na dirisha wazi.

Mfukoni mwa msimamizi

Ukishaingia kama msimamizi, kivinjari hakikuulizi neno la siri kwa kila ukurasa. Kinabeba kuki, kitu kilichobuniwa na Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994, na ndani yake kuna namba ya kikao chako. Ni kama mkanda unaofungwa mkononi ukiingia kwenye tamasha: ukishaufunga, hakuna anayekuuliza tiketi tena. Aliye na mkanda wako ndiye wewe.

Sisi tuliosimamia tovuti kutoka kwenye vibanda vya intaneti vya Nairobi na Mombasa tulikuwa tunautembeza mkanda huo hadharani bila kuficha. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa nyongeza ya Firefox iitwayo Firesheep, iliyomwonyesha mtu yeyote vikao vya wenzake waliokuwa kwenye mtandao uleule usio na nenosiri, na kumruhusu kuingia kwa kubofya tu. Lengo lake lilikuwa kuwalazimisha wenye tovuti waweke usimbaji njia nzima. Wengi wetu gharama ya cheti ilitushinda hadi Desemba 2015, Let's Encrypt ilipofungua milango na kuvitoa bure.

Lakini mkanda unaweza kuibwa pia kutoka ghalani. Joomla 3.2, ileile ya uthibitisho wa hatua mbili, ilileta na sehemu mpya ya kutunza matoleo ya zamani ya makala. Sehemu hiyo haikukagua vizuri ilichoulizwa, na Oktoba 2015 Asaf Orpani wa Trustwave alionyesha kwamba mgeni asiye na akaunti angeweza kuitumia kuisomesha hifadhidata. Na ndani ya hifadhidata mlikuwa na namba za vikao. Msimamizi akiwa ameingia, mwizi anaichukua namba yake, anaiweka kwenye kivinjari chake, na tayari yumo ofisini. Neno la siri halikuulizwa. Zile tarakimu za simu hazikuulizwa. Tiba ilikuwa toleo la 3.4.5.

Miezi miwili tu baadaye, tarehe 14 Desemba 2015, ikabidi litolewe toleo la 3.4.6 kwa tundu jingine, ambalo wezi walikuwa wanalitumia hata kabla tiba haijatoka.

Msimamizi aliyejiandikisha mwenyewe

Oktoba 2016 mambo yalifika kikomo cha vichekesho. Ndani ya Joomla kulikuwa kumebaki kipande cha zamani cha msimbo wa kuandikisha watumiaji, ambacho hakikuwa kinatumiwa na ukurasa wowote lakini kilikuwa bado kinajibu kikiitwa. Kipande hicho hakikuuliza kama mwenye tovuti ameruhusu uandikishaji. Kasoro nyingine iliyoambatana nayo ilimruhusu anayejiandikisha kujichagulia cheo. Mgeni alijiandikisha mahali palipofungwa, akajipa madaraka, akaenda /administrator na kuingia kwa neno lake mwenyewe la siri, halali kabisa! Toleo la 3.6.4 la tarehe 25 Oktoba 2016 lilifunga. Wezi waliisoma tiba, wakajua ugonjwa, na ndani ya siku chache walikuwa wanazungukia tovuti ambazo hazijasasishwa.

Kisha Februari 2023, katika Joomla 4, ule mlango wa /api ambao programu nyingine huutumia kuongea na tovuti ukagundulika kuwa unatoa habari za ndani kwa yeyote, zikiwemo jina na neno la siri la hifadhidata. Toleo la 4.2.8 likaziba. Mlango wa /administrator ulikuwa umefungwa vizuri muda wote huo.

Kwa nini tujali huku kwetu

Januari 2012 mdukuzi mmoja wa Indonesia alichafua tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mkupuo. Wakati ule wengi walilichukulia kama mzaha, kwa vile kilichoonekana ni kurasa za mbele zilizobadilishwa. Leo mambo ni mazito zaidi. Tovuti ya shule inabeba namba za simu za wazazi. Tovuti ya chama cha ushirika inabeba fomu za mikopo zenye namba za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi data hizo amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue zimevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe.

Niliwahi kuitwa kusafisha tovuti ya chama kimoja cha ushirika iliyokuwa inatangaza dawa za ajabu kwa wageni wanaotoka Google. Nilipofungua orodha ya watumiaji nilikuta wasimamizi wakuu tisa. Waliokuwa bado kazini walikuwa wawili. Kumbukumbu za seva zilionyesha kwamba mgeni alitumia jina la mwanafunzi aliyekuwa pale kwa mafunzo miaka minne nyuma, na aliingia kwa jaribio la kwanza. Plagini ya kufungia wanaokosea mara tatu ilikuwepo, inafanya kazi, na haikuwa na la kufanya.

Historia inatuagiza nini

1. Sasisha, tena upesi. Visa vya 2008, 2009, 2015, 2016 na 2023 vyote tiba yake ilikuwa toleo jipya. WordPress ilianza kujisasisha yenyewe kwa matoleo madogo tangu 3.7 ya Oktoba 2013, na Joomla ikaleta huduma hiyo katika matoleo ya 5.4 na 6.0 ya Oktoba 2025. Iwashe.

2. Punguza wenye ufunguo. Mwandishi wa habari za shule hahitaji cheo cha kusakinisha plagini. Tangu Joomla 1.6 ya Januari 2011 unaweza kutunga makundi yenye madaraka unayotaka wewe. Mtu akiondoka kazini, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

3. Washa hatua mbili kwa kila msimamizi, kwa programu ya simu badala ya ujumbe mfupi, maana wizi wa laini za simu tunaujua. Ukiweza, tumia ufunguo wa kifaa chenyewe, ambao Joomla inaukubali tangu 4.0 ya Agosti 2021. Ufunguo huo haubahatishiki, na hauwezi kuandikwa kwenye ukurasa bandia.

4. Mrudishe bawabu nje. Weka lile neno la siri la seva mbele ya folda ya /administrator, sasa likipita njia yenye usimbaji. Fikirini: mwizi wa 2008 alipata neno jipya kwenye ukurasa wa mbele, lakini ilimbidi aje kulitumia /administrator. Aliyeiba kikao 2015, vilevile. Waliojiandikisha 2016, vilevile. Bawabu wa nje angewakwamisha wengi wao bila kujua lolote kuhusu kasoro zenyewe. Yule wa 2023 asingemzuia, kwani hakupita hapo. Kuhusu kuruhusu anwani moja tu ya IP, tahadhari: ukitumia modemu au simu, anwani yako hubadilika, na utajifungia nje wewe mwenyewe.

5. Weka nakala rudufu mahali ambapo tovuti yenyewe haiwezi kufika. Desemba 2015 wapo walioingiliwa kabla ya tiba kuwepo. Kwao kilichosaidia ni nakala ya wiki iliyotangulia.

Baada ya hayo matano, ukitaka kuficha anwani ya ukurasa, ficha. Utapunguza roboti na kumbukumbu za seva zitasomeka vizuri.

Kazi ya leo ni ndogo na haihitaji fundi. Fungua orodha ya watumiaji ya tovuti yako, chuja wasimamizi wakuu, kisha taja kila mmoja kwa jina na kazi anayofanya sasa. Kila jina linalokufanya usite, lifunge kabla hujazima kompyuta. Ukikwama, niulize kwenye maoni hapo chini.

Hadi wakati mwingine.